Shukrani kwa Abiria Aliyefungua Njia Makutanoni

Ninaandika kumshukuru bwana mmoja nisiyemfahamu jina, ambaye jana asubuhi, taa za kuongozea magari zilipozimika na kila dereva akataka kupita kwa wakati mmoja, alishuka kwenye basi tulilopanda, akasimama katikati ya makutano na kuanza kuyapanga magari kwa mikono yake.

Foleni ya namna ile haisababishwi na wingi wa magari peke yake. Dereva anapoingia kwenye makutano kabla ya kupata nafasi ya kutokea upande wa pili, huwaziba wanaokatiza, nao huwaziba wengine, hata pande zote zikafungana na asiwepo awezaye kusonga wala kurudi nyuma. Bwana huyu alilielewa jambo hilo. Hakuwasikiliza waliopiga honi kwa nguvu zaidi. Aliwazuia kwanza wote waliotaka kuingia, akawaondoa waliokwama katikati, kisha akaruhusu upande mmoja baada ya mwingine, na waenda kwa miguu, ambao mara nyingi husahaulika kabisa, akawapa zamu yao.

Gari la wagonjwa lililokuwa limenaswa nyuma yetu lilipita. Hilo pekee lingetosha kunifanya niandike.

Basi letu lilipopata njia liliondoka, naye akabaki pale akiendelea, hivyo bila shaka alichelewa kazini kwa ajili yetu. Ndugu yangu, pokea shukrani zangu za dhati, na iwapo mwajiri wako atahitaji maelezo ya kuchelewa kwako, niko tayari kuyatoa kwa maandishi.