Timu mpya ya lakrosi chuoni: wazazi, ulizeni haya kabla ya kusaini

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na wazazi ambao mabinti zao wanaitwa kwenye timu mpya za lakrosi za vyuo vya Marekani. Huu ni mchezo wa fimbo yenye mfuko wa nyavu kwenye ncha, ulioanzishwa na wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini. Mwaka 2028 utachezwa Olimpiki ya Los Angeles, wachezaji 6 kila upande. Uganda ilipeleka timu ya wanaume kwenye mashindano ya dunia ya Denver mwaka 2014, ya kwanza kutoka Afrika. Tatizo ni kwamba familia nyingi zikisikia "timu mpya" hudhani ni udhamini kamili wa masomo. Sivyo.

Vyuo vingi vidogo huanzisha lakrosi ili kuongeza idadi ya wanafunzi. Wachezaji 30 wanaolipa ada ni fedha nyingi kwa chuo kidogo. Si dhambi, ila mzazi alijue. Michezo ya vyuo Marekani imegawanywa katika madaraja matatu. Vyuo vya Daraja la Tatu havitoi kabisa udhamini wa michezo; msaada hutokana na alama za darasani au hali ya kipato cha familia. Daraja la Kwanza na la Pili hutoa, lakini kocha huukata vipande. Kwa miaka mingi timu ya wanawake ya Daraja la Kwanza iliruhusiwa udhamini 12 tu, wakigawana wachezaji 30 na zaidi. Kuanzia msimu wa 2025–26, vyuo vilivyoingia katika utaratibu mpya wa kuwalipa wanamichezo vimeondolewa ukomo huo na kuwekewa ukomo wa wachezaji 38. Lakini chuo kuruhusiwa kutoa si sawa na kuwa na fedha za kutoa.

Sasa, timu hujengwaje? Kocha huhitaji walau mwaka mzima kabla ya mechi ya kwanza, maana anaingia sokoni akiwa amechelewa. Kocha wa Daraja la Kwanza haruhusiwi kuzungumza usajili na mwanafunzi kabla ya Septemba 1 ya mwaka wake wa tatu wa sekondari, na vyuo vyenye jina huanza kupiga simu siku hiyo hiyo. Wa timu mpya anabakiwa na milango mitatu: wasichana waliochelewa kuonekana, wanaohama kutoka vyuo vingine, na wanamichezo ambao tayari wapo chuoni kwake na hawajawahi kushika fimbo.

Mlango huo wa tatu ndio unaowafaa zaidi mabinti zetu wa kikapu, netiboli na riadha. Chuo Kikuu cha Northwestern kilirudisha lakrosi ya wanawake mashindanoni mwaka 2002. Kocha Kelly Amonte Hiller aliwaona pacha wawili wakikimbia mazoezi pale chuoni, akawaita, nao hawakuwa wamewahi kucheza. Mwaka 2005 timu ile ilishinda mechi zote 21 na kuchukua ubingwa wa taifa, pacha hao wakiwa ndani. Miguu na moyo vilitangulia, fimbo ikafuata. Hata hivyo, anayeingia kwa mlango huu kwa kawaida hapewi senti mwaka wa kwanza.

Mzazi atazame orodha ya wachezaji. Uwanjani wanaingia 12, kwa hiyo timu yenye 18, wanne wakiumia, inabaki na wawili tu wa akiba. 24 ndiyo salama. Makipa wawe wawili au zaidi, kwani kipa wa pekee akivunjika kidole msimu umekwisha. Awepo pia anayejua kugombea mpira katikati, maana kila baada ya bao mpira hurudi pale, na timu inayoshindwa pale inaweza kukaa dakika nyingi bila kuugusa. Kosa kubwa tunaloliona ni kusajili 25 wa mwaka wa kwanza kwa mkupuo. Msimu wa kwanza wanapigwa, wa tatu wanang'ara, wa nne unapoisha wote wanahitimu na chuo kinaanza upya. Kumi kila mwaka ni bora.

Binti asisubiri kufika huko ndipo ajifunze. Asimame hatua tano kutoka ukutani, arushe na kudaka mara 100 kwa mkono wa kulia na 100 kwa wa kushoto, kila siku. Kosa la wanaoanza ni kuusukumia mpira fimbo. Fimbo irudi nyuma pamoja na mpira, kama anayedaka yai. Fimbo mpya ina mfuko mgumu, mpira unaruka nje kana kwamba umegonga ubao, na msichana anajiona hafai. Akandamize mpira ndani ya mfuko, aufunge kwa kamba, aache hadi asubuhi. Mfuko ukilegea kupita kiasi, hasa baada ya kunyeshewa, mpira unanasa kwenye nyuzi za juu na pasi inachimba ardhi. Alegeze nyuzi hizo, asiulaumu mkono. Mpira wa raba uliokwisha kung'aa na kuteleza kwa kupigwa ukutani, autupe.

Miwani ya kinga na kinga ya mdomo ni lazima. Kipa asikubali kinga ya kifua ya zamani: mpira ukimpiga mtu kifuani unaweza kusimamisha moyo, ndiyo maana viwango vya kinga hizo vimebadilishwa miaka ya karibuni. Mashine ya kushtua moyo iwepo uwanjani hata siku za mazoezi.

Kuhusu karatasi, Daraja la Kwanza na la Pili hutaka masomo 16 ya msingi ya sekondari, na wastani wa alama wa 2.3 kati ya 4 kwa la Kwanza na 2.2 kwa la Pili. Aliyesomea nje ya Marekani aanze kufuatilia vyeti mapema.

Kisha mzazi amwulize kocha, na ajibiwe kwa maandishi: Mko wangapi, na makipa wangapi? Udhamini ni dola ngapi kwa mwaka, na ni wa mwaka mmoja au minne? Binti akiumia goti, unaendelea? Timu ikivunjwa, chuo kitamlipia hadi amalize?

Makocha wawili wa lakrosi ya wanawake,
Columbus, Ohio, Marekani