Barua kwa binti yangu wa tatu

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara nyingi kuliko unavyodhani. Unasema mama mkwe anataka uende ukapige utrasaundi mapema "tujue moja", mtoto ni wa kiume au wa kike, na mwenzako ukimtazama anainamia simu. Ukaniuliza, "Baba, hii ni kawaida?" Nilitaka kukupigia nikashindwa. Swali lako linahitaji mtu aliyewahi kusimama upande wa mkweo, na mtu huyo ni mimi.

Unajua ulizaliwa Pune, India, Februari 2000, nilipokuwa nasoma shahada ya uzamili. Dada zako tulikuwa tumewaacha Rombo kwa bibi yako. Kila nikipiga simu, bibi alinipa habari za mvua na kahawa, kisha anauliza, "Na safari hii?" Hakuhitaji kumalizia. Kihamba cha babu yako, shamba la ukoo, kilikuwa kinanisubiri mimi, na baada yangu kinamsubiri mvulana. Baba zako wadogo walishaanza kuhesabu wana wao.

Mwenye nyumba wetu, mama wa Kimarathi aliyempenda sana mama yako, alikuwa akimtania wakikutana ngazini: "Peda au barfi?" Vyote ni vitamu vya maziwa. Kule majirani hugawiwa peda mtoto akiwa wa kiume, barfi akiwa wa kike. Nilikuwa nacheka pamoja nao, ila kimoyomoyo nilishachagua changu.

Mimba ilipofika miezi mitano tukaenda kliniki. Daktari, mwanamke wa makamo, akapaka jeli, akazungusha kifaa, akatuonyesha moyo wako unavyodunda. Nikauliza: ni wa kiume? Akanyoosha kidole ukutani. Palikuwa na kibao, Kiingereza na Kimarathi, kwamba hapa hatutaji jinsia ya mtoto aliye tumboni, ni kosa la jinai. Nikabembeleza. Nikasema sisi ni wageni, tunataka kujua tu. Akaniuliza, "Na ukishajua, utafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Mama yako alikuwa amelala palepale, tumbo wazi, anasikia kila neno.

Baadaye ndipo nikaelewa kile kibao kilitoka wapi. Mashine zilipoenea India miaka ya themanini, watu walipimwa, wakiambiwa ni msichana wanaitoa mimba. Zipo kliniki zilizojitangaza waziwazi kwamba rupia chache za leo zitakuokolea maelfu ya mahari kesho. Maana kule mahari hutoka kwa wazazi wa binti kwenda kwa mume. Imekatazwa na sheria tangu 1961, na bado watu huuza shamba kuilipa. Tena mwana ndiye anayekaa na wazazi uzeeni, na ndiye anayewasha moto wa maiti ya baba. Maharashtra, jimbo tulilokaa, ilikuwa ya kwanza kupiga marufuku upimaji huo, 1988. Sheria ya nchi nzima ikapitishwa 1994, ikaanza kazi 1996.

Ila sheria ina milango ya nyuma. Mwanafunzi mwenzangu aliposikia kilio changu alicheka, akaniandikia anwani ya kliniki nyingine. Huko, alisema, daktari hasemi kitu. Anatia tu saini kwa wino wa bluu au mwekundu, kila rangi na jinsia yake. Nikaikunja ile karatasi nikaitia mfuko wa shati. Nilitembea nayo karibu wiki. Nakwambia ukweli, mwanangu: sijui ningeitumia au la. Nimejiuliza miaka yote hii, na kila nikitaka kujitetea nakumbuka kwamba sikuitupa. Siku moja shati likafuliwa, karatasi ikawa uji. Mwezi wa pili ukaja wewe, kilo tatu na ushee, unapiga kelele wodi nzima.

Mwaka uliofuata India ilifanya sensa. Katika jimbo la Punjab, kwa kila wavulana 1,000 walio chini ya miaka saba, wasichana walikuwa 798. Niliisoma gazetini wewe ukiwa umelala kifuani kwangu. Huko kaskazini, hasa Haryana, wanaume sasa hukosa wake, wengine wananunua mabinti kutoka majimbo maskini ya mbali, na wanakijiji huwaita mabinti hao "molki", yaani aliyenunuliwa. Na 2011, wilaya ya Satara, si mbali na Pune, serikali iliwabadilishia majina wasichana 285. Wazazi wao walikuwa wamewaita Nakusa. Maana yake, hatakiwi. Na sisi tunao akina Tabu na Shida, lakini Tabu ni habari ya siku aliyozaliwa mtoto. Nakusa ni habari ya mtoto mwenyewe.

Usije ukasema Wahindi ni watu wabaya. Yule daktari ni Mhindi, na ndiye aliyenikatalia. Sisi tuliokula mbuzi na kunywa mbege ya mahari ya dada zetu hatuna hata kisingizio cha gharama. Chetu ni ardhi. Sheria za mila zilizoandikwa serikalini 1963 zinamweka binti daraja la tatu katika urithi, na ardhi ya ukoo asiiguse ila kuitumia. Mkweo anapotaka "kujua moja" anajua anachokiulizia. Hapa kwetu hakuna kibao ukutani. Ukiuliza unaambiwa, ukiambiwa wa kike utapangiwa mimba ya pili kabla hujamaliza arobaini.

Kupima nenda. Kipimo kinaangalia kondo la nyuma, maji, ukuaji wa mtoto. Ila kabla hajaanza mwambie mpimaji hutaki kutajiwa jinsia. Ingia na dada yako mkubwa, siyo mkweo. Mwenzako akianza maneno, mkumbushe somo la baiolojia: wewe huna cha kutoa ila kromosomu X, hiyo Y ya mvulana anayoidai ilipaswa kutoka kwake. Mwambie ni baba mkwe amesema. Akinuna, aje nimpokee mimi.

Kuhusu kihamba, nimeandika wosia. Ninyi watatu, sawa kwa sawa, na nimewasomea baba zako wadogo kwenye kikao cha ukoo. Mmoja aliondoka bila kumaliza kata yake ya mbege, na hajanisalimia tangu Pasaka. Atazoea, au hatazoea.

Jana usiku nilimsomea mama yako barua hii, maana si haki wewe uyajue ya ile karatasi kabla yake. Alikuwa anachambua maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono haikusimama. Kisha akasema, "Niliisoma kabla sijaloweka lile shati," akanyanyuka kwenda kuzima taa ya nje.

Baba yako