Barua ya wazi kwa vijana wetu walioko shule za Marekani: semeni, ila msitishie mtu

Wanangu na wajukuu zangu mnaosoma hai skuli huku Marekani, nyie mliozaliwa kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma mkaja mkiwa mgongoni kwa mama zenu, na nyie mliozaliwa hukuhuku, nawasalimu wote. Nimeona niwaandikie wazi badala ya kusubiri kikao cha jumuiya, maana kwenye kikao tunaoongea ni sisi wazee tu na hili jambo ni lenu.

Mna haki ya kusema, na haki hiyo ni kubwa kuliko wengi wenu mnavyodhani. Lakini kuna aina moja ya maneno ambayo ukiyaposti hata kwa utani, hata usiku wa manane ukiwa kitandani kwenu, asubuhi unaweza ukakuta polisi wako mlangoni. Naona watoto wetu wanaumia pande zote mbili, kuna wanaotishia kwa mchezo na kuna walioziba midomo kabisa sababu nyumbani wameambiwa sisi huku ni wageni, nyamazeni. Wote hao nataka niongee nao.

Tuanze na haki. Desemba 1965 huko Des Moines, jimbo la Iowa, binti wa miaka 13 anaitwa Mary Beth Tinker alienda shule amefunga kitambaa cheusi mkononi, yeye na kaka yake na wenzao wachache, kuomboleza watu waliokuwa wanakufa vita vya Vietnam. Shule ilikuwa imeshakataza, wakasimamishwa. Familia zikaenda mahakamani, kesi ikapanda ngazi mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na 1969 majaji 7 dhidi ya 2 wakasema mwanafunzi haachi haki yake ya kusema getini anapoingia shule. Shule ikitaka kumnyamazisha lazima ionyeshe kwamba anachosema kinavuruga masomo kweli au kinaingilia haki za wenzake, siyo eti mwalimu kachukia tu au kahisi patakuwa na zogo.

Hiyo ni ndani ya shule. Ukija kwenye simu yako, wikiendi, nje ya shule, kuna kesi ya juzijuzi ambayo kila mmoja wenu angepaswa kuijua. 2017 huko Pennsylvania msichana wa miaka 14, Brandi Levy, alikosa nafasi kwenye timu kubwa ya kushangilia, akachukia, Jumamosi akiwa dukani na rafiki yake wakapiga picha wamenyanyua kidole cha kati, akaandika matusi juu ya shule na timu na kila kitu, akaitupa Snapchat kwa marafiki zake. Picha ilikuwa ya kupotea baada ya siku moja, lakini mtu akaskrinshoti, ikafika kwa kocha, akatolewa kwenye timu mwaka mzima. Juni 2021 Mahakama ya Juu ikampa ushindi, majaji 8 kwa 1. Walisema shule ikiruhusiwa kumchunga mtoto saa 24, ndani na nje, basi mtoto huyo hatakuwa na pahala popote pa kusema analotaka, na wakasema shule yenyewe inatakiwa ilinde maneno yasiyopendwa, maana huko ndo watoto wanapojifunzia demokrasia.

Siwaambii mtukane. Mwanangu akiandika vile nitamkalisha chini na tutaongea mpaka aelewe. Lakini mimi kumkanya mwanangu ni kitu kingine na serikali kumwadhibu ni kitu kingine, na nyie mnatakiwa mjue tofauti hiyo. (Hapa naongelea shule za serikali. Shule binafsi, zikiwemo za dini, zina kanuni zao na Katiba haizibani namna hiyo, kwa hiyo ukiwa huko soma kile kitabu cha kanuni walichokupa.)

Sasa sikilizeni upande wa pili, maana hukumu hiyohiyo iliyompa Brandi ushindi ilisema pia kwamba shule inabaki na nguvu ya kuingilia kukiwa na uonevu mzito unaomlenga mtu fulani, au vitisho kwa walimu au wanafunzi, hata kama vimetokea nje ya shule. Na ile ya kusema nilikuwa natania haiwasaidii kama mnavyofikiria. 2023 Mahakama ya Juu ilisema anayeshitakiwa kwa vitisho siyo lazima awe alikusudia kutisha, inatosha kama alijua kabisa maneno yake yanaweza kuchukuliwa ni kitisho na akatuma hivohivo bila kujali. Na majimbo mengine yamekaza zaidi. Florida kitisho cha maandishi cha kuua ni kosa kubwa la jinai. Tennessee, baada ya watoto watatu na watu wazima watatu kuuawa kwenye shule moja Nashville Machi 2023, walipitisha sheria kwamba mwanafunzi anayetishia mauaji ya watu wengi shuleni afukuzwe mwaka mzima.

Najua mnasema wazungu wanakuza mambo. Hapana wanangu, hawakuzi. 30 Novemba 2021 huko Oxford, Michigan, mwalimu aliona kwenye karatasi ya hesabu ya mvulana wa miaka 15 mchoro wa bunduki na maneno ya kuomba msaada, wazazi wakaitwa, wakaongea, wakarudi zao kazini bila mtoto, mtoto akarudi darasani na begi lake bila mtu kulifungua, na bastola ilikuwa humo ndani. Watoto wanne wakafa, watatu siku hiyo na mmoja kesho yake. 2024 baba yake na mama yake nao wakatiwa hatiani. Alafu Septemba 2024 shule ya Apalachee huko Georgia, wanafunzi wawili na walimu wawili wakauawa, na aliyeshitakiwa alikuwa na miaka 14, na kumbe mwaka mmoja nyuma polisi walishaenda kwao kumuuliza juu ya vitisho vya mtandaoni, akakataa, ikaishia hapo. Mkuu wa shule anayeyajua hayo akitumiwa skrinshoti saa tano usiku hawezi kugeuka upande wa pili akalala akisema ni utoto, maana akikosea mara moja tu anaenda kuzika watoto wa watu.

Wiki zilizofuata Apalachee vitisho vilimiminika kwenye shule za majimbo mengi na watoto wengi wakakamatwa. Kaunti ya Volusia huko Florida sheriff alianza kutangaza picha za watoto waliokamatwa, mmoja alikuwa na miaka 11. Mimi sikubaliani na kumuanika mtoto wa miaka 11 mbele ya dunia nzima, ile picha haitafutika hata akiwa na watoto wake mwenyewe, na naona siku moja watu wa huko watajutia jambo lile. Lakini ndo hali ilivyo, na nyie mnaishi ndani yake.

Kuna kisa nilikiona kwa macho yangu, maana familia zetu huwa zinaniita nikakalimani. Mvulana mmoja, darasa la tisa, mtoto mpole kabisa. Alitumiwa picha na mtu asiyemjua vizuri, imeandikwa kesho msije shule, na herufi za jina la shule yao pembeni. Akaogopa. Akafikiria binamu zake wanasoma palepale, akaichukua akaiweka kwenye stori yake na imoji za kulia ili wenzake waione wasiende. Hakumwambia mama yake, hakumwambia mwalimu, akalala. Asubuhi tumekaa ofisini, mezani kuna karatasi mbili zimeprintiwa kwa rangi, picha yake ya profaili imezungushiwa kalamu nyekundu, polisi wa shule kakaa pembeni na daftari lake, na mama katoka shifti ya usiku kiwandani, beji ya kazi bado iko shingoni juu ya kitenge, ananigeukia ananiuliza kwa sauti ya chini, amefanya nini? Maana yeye alipigiwa simu tu akaambiwa njoo. Ilichukua siku kadhaa kuthibitisha kwamba siyo yeye aliyeitengeneza, na siku zote hizo alikuwa nyumbani na simu yake iko polisi.

Yule mtoto hakuwa na ubaya hata kidogo, alitaka kuokoa ndugu zake, lakini kitisho ukikisambaza unakuwa umekipa miguu. Desemba 2021 ilitokea nchi nzima, uvumi ukazunguka TikTok kwamba tarehe 17 kutakuwa na mashambulizi mashuleni, kila mtu akawa anarushia mwenzake eti anamtahadharisha, kuna shule zikafungwa kabisa na hakuna kitisho chochote cha kweli kilichopatikana nyuma ya ule uvumi.

Kwa hiyo ukipata kitu kama hicho usikiposti, usikitupe kwenye grupu, usikifute pia. Mpelekee mtu mzima saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku muamshe mama. Kama unaona ni hatari ya sasa hivi piga 911. Majimbo mengi yana namba za kutoa taarifa bila kutaja jina, Colorado ni Safe2Tell, Michigan ni OK2SAY, jimbo lako uliza shuleni ni ipi uiseve kwenye simu leo. Na usione kama ni kumchoma mwenzako. Mara nyingi sana anayepanga mambo haya huwa ameshamwambia rafiki, na rafiki akanyamaza.

Na mambo mengine madogo ambayo nyie mnaona mchezo: jina la mwalimu na imoji ya bastola, orodha ya majina ya watu uliowachukia, picha umeshika bunduki ya plastiki na kuandika jina la shule, mistari ya rap uliyotunga mwenyewe halafu ukamtaja mtu wa darasani kwako, achaneni navyo kabisa. Mistari yako imba, lakini mtu halisi mwenye jina halisi mtoe humo. Na ile laptopu ya shule siyo yako. Wilaya nyingi zimeweka programu kama Gaggle zinazosoma mnachoandika kwenye akaunti za shule, hata ukiwa nyumbani, hata ikiwa ni barua ya siri unamwandikia rafiki kwamba umechoka na maisha. Kama umechoka na maisha mje mtuambie sisi, tafadhali sana, hilo nalisema kwa moyo wote.

Ukiitwa ofisini. Kwanza ujue shule ikitaka kukusimamisha, hata kwa siku chache, lazima ikuambie unatuhumiwa nini na ikupe nafasi ya kueleza upande wako, hiyo ni hukumu ya Mahakama ya Juu tangu 1975. Pili, mwalimu kukuuliza ni kitu kimoja na polisi kukuuliza ni kitu kingine. Polisi akianza maswali mwambie kwa adabu, naomba mzazi wangu na mwanasheria wawepo kabla sijajibu, alafu unyamaze, wala siyo ujeuri. Tatu, hili nimeliona sana kwa watoto wetu na linaniuma: mmelelewa msimkazie macho mtu mzima na msimpinge, sasa mnaulizwa swali refu kwa Kiingereza cha haraka, mmeelewa nusu, mnainamisha kichwa mnasema yes sir, yes sir. Wao wanaandika umekiri. Heshima ya nyumbani iacheni nyumbani kwa dakika hizo chache. Mwangalie usoni, mwambie sijaelewa, rudia.

Wazazi wenzangu, na nyie ninawaomba mambo mawili. Shule inayopokea pesa za serikali kuu inatakiwa kisheria iwasiliane na nyie kwa lugha mnayoielewa, kwa hiyo ombeni mkalimani na msikubali mtoto ndo awe mkalimani wa kesi yake mwenyewe, na karatasi usiyoielewa usisaini siku hiyo. La pili ni hili neno nyamaza. Naelewa limetoka wapi. Wengi wenu mmetoka Uvira, Fizi, Bujumbura, mmeona jirani akichukuliwa usiku kwa neno moja alilosema kwenye baa, na mkajifunza kwamba mdomo ndo unaoua. Lakini mkiwafundisha watoto woga huohuo huku, mnawanyang'anya kitu ambacho mlitembea kwa miguu mkavuka ziwa kukitafuta. Mtoto anayechekwa lafudhi kila siku kwenye basi na hasemi, huyo hayuko salama, na shule yenyewe haiwezi kuwa salama kama watoto wanaoona mambo wamefundishwa kufumba macho.

Kwa hiyo vijana semeni. Basi linachelewa mtaani kwenu kila asubuhi mnapoteza kipindi cha kwanza, posti video. Mtoto Mwislamu anakosa chakula cha kula kantini, andika. Umewekwa darasa la wanaojifunza Kiingereza miaka na miaka na hakuna anayekuambia lini utatoka, uliza hadharani, taja shule, eleza lililotokea kama lilivyotokea. Na bodi ya shule huwa inakaa vikao vya wazi, kuna muda wa wananchi kuongea, unajiandikisha jina na unapewa dakika zako. Anayetaka kwenda anitafute tuandike pamoja atakachosema, na siku ya kikao nitaenda naye.

Mzee wenu