Mfuko wa unga, treni ya Kasai na mashamba yanayotuzunguka

Bwana Mhariri,

Kila treni ya kutoka Kasai, kaskazini-magharibi mwetu, inapoingia Lubumbashi imejaa vijana, maneno yale yale yanaanza redioni, sokoni na kwenye vituo vya pikipiki: warudishwe, waandikishwe, nani amewaleta. Naomba nafasi katika gazeti lenu niyaangalie maneno hayo kwa upande wa chungu cha bukari (ugali wetu), kwa sababu naona huko ndiko hasira inakoanzia.

Familia ya watu saba, kila mmoja akila gramu 400 za unga kwa siku, inamaliza kilo 2.8. Mfuko wa kilo 25 haufikishi siku tisa. Mahindi mengi tunayosaga, na unga uliokwisha kusagwa, hupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kilomita 90 hivi kutoka hapa mjini. Mwaka 2024 ukame uliunguza mashamba ya Zambia hadi serikali yao ikatangaza janga la taifa, na sisi tukabaki tunahesabu franga mbele ya depo za unga. Bei ile haikuletwa na kijana aliyeshuka treni. Alinunua kwa bei hiyo hiyo tuliyonunua sisi.

Tumekuwa hivi tangu mwanzo. Mji huu ulianzishwa 1910, mwaka reli ilipofika kutoka kusini, na chakula cha wafanyakazi wa mgodi kililetwa kwa reli kabla mji haujawa na mashamba yake. Reli ya kwenda Ilebo, kule Kasai, ilipokamilika 1928, watu wa Kasai walikuwa wamekwisha kuanza kuchukuliwa kwa kazi za Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi za Wabelgiji, kwa sababu kampuni ilitaka mikono na vijiji vya jirani havikuitosha. Hata Kiswahili hiki tunachotupiana nacho maneno si lugha ya kijiji chochote cha hapa. Wenyeji wa hapa, Walamba na Wasanga, walikuwa na lugha zao. Kiswahili kilikua kambini kwa sababu watu wa kabila nyingi walipaswa kuelewana kazini.

Na kufukuzana tumekwisha kukujaribu. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa katika Katanga, watoto na wazee wakalala kwenye vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi wakingoja mabehewa, na wengi wakafia hapo hapo. Je, kazi ziliongezeka kwa waliobaki? Gécamines, kampuni ya migodi ya Serikali iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, iliporomoka ikashuka chini ya tani 100,000. Mgodi wa Kamoto ulikuwa umebomoka tangu 1990, na fedha za kukarabati hazikuwepo. Kuwaondoa mafundi na walimu hakukurudisha hata tani moja. Tena Katiba yetu, ibara ya 30, inampa kila mtu aliye nchini haki ya kutembea na kukaa anapotaka.

Lakini wanaolalamika wasidharauliwe. Kijana anayefika bila ndugu wa kumpokea na bila mtaji ana milango mitatu: pikipiki, kuchimba madini kwa mikono, au makala. Hapo kweli anagongana na mtoto wa mitaa yetu ya Ruashi au Katuba ambaye naye hana kazi. Makala ndiyo yanayoumiza zaidi. Katika tanuri la udongo, kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 hadi 15 za makala, nyingine zote ni moshi. Miti ya miombo inayokatwa leo itachukua miaka mingi kurudi, na aliyeikata anakuwa amekwisha kuhamia msitu unaofuata. Ni kazi inayomlisha mtu kwa kula ardhi ambayo ingemlisha vizuri zaidi.

Ndiyo maana nasema mjadala uhamie kwenye mahindi. Wengi wa wanaokuja wanatoka nchi ya mahindi. Mwene-Ditu na Kabinda, huko kwao, zimelisha migodi ya Katanga tangu enzi za ukoloni. Walichokosa huko ni barabara ya kutolea mazao, na MIBA, kampuni ya almasi ya Mbuji-Mayi, ilipoanguka, fedha nazo zikakauka.

Hektari moja hapa, kwa mkulima asiye na mbolea, hutoa tani moja au chini yake. Akifanya kazi kwa wakati na kwa vipimo, tani tatu si ndoto, na tani tatu ni chakula cha familia mbili kama ile niliyohesabu juu. Mbegu ni kilo 20 hadi 25 kwa hektari, mistari ikiachana sentimita 75 na mashimo sentimita 25, punje moja kila shimo. Ipandwe mvua zikishika, kati ya katikati ya Novemba na mwanzo wa Desemba. Anayepanda Januari mahindi yake yatakosa maji wakati wa kujaza punje. Mbolea ya kupandia, NPK, mifuko minne ya kilo 50 siku ya kupanda, na ya kukuzia, urea, mifuko minne mahindi yakifika magotini. Kipimo cha shambani ni kifuniko cha chupa ya bia, kisijazwe mlima, kimoja kwa kila mche, umbali wa vidole vinne kutoka shina, kisha kifukiwe. Urea iliyoachwa juu ya udongo juani hupaa hewani, na fedha ya mkulima inapaa nayo.

Udongo wetu mwekundu una kasoro yake: ni mchachu, yaani una tindikali. Kwenye udongo wa namna hiyo mzizi unabaki mfupi na mbolea haimfai mkulima hata akiimwaga. Dawa ni chokaa ya kilimo, tani moja hadi mbili kwa hektari, na mawe ya chokaa tunayo Kakontwe, pale Likasi. Asiyeweza kuinunua ana vile vichuguu virefu vya mchwa vinavyoonekana kila upande tukitoka mjini. Udongo wake una chokaa kuliko udongo unaouzunguka. Wakulima wazee hukichimba kichuguu wakati wa kiangazi, wanapondaponda mabonge, wanatawanya shambani kabla ya mvua. Mgeni hajui jambo hilo. Mwenyeji analijua tangu utotoni. Kwa sababu hiyo tu nataka vyama vya wakulima viwe vya mchanganyiko.

Viwavijeshi vamizi vinaingia juma la pili au la tatu baada ya kuota. Inabidi kukagua asubuhi mapema, kufungua moyo wa mche kwa kidole. Ukiona majani yametobolewa na kinyesi kama vumbi la mbao katika miche 20 kwa 100, usingoje kesho. Mwenye shamba dogo aviue kwa mkono na kutia majivu kidogo moyoni.

Baada ya mavuno wengi huharibu walichokipata kwa kuweka mahindi mabichi kwenye gunia. Chukua chupa kavu, tia kiganja cha mahindi na kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi hayajakauka, yarudishwe juani. Yakiwekwa hivyo yataota ukungu, na sumu yake haiishi kwa kupikwa.

Sasa, mambo haya yanakwama wapi? Kwanza ardhi. Shefu, yaani chifu wa kijiji, anamkatia mtu kipande, mtu anang'oa visiki mwaka mzima, anatia chokaa, shamba linaanza kupendeza, kisha anaambiwa aondoke. Sheria ya 1973 inasema ardhi yote ni ya Serikali, kwa hiyo karatasi ya shefu peke yake haimkingi mkulima, na mwenyeji maskini anaumia kwa njia hiyo kama mgeni. Naomba mkataba wa maandishi wa misimu isiyopungua mitatu, wenye sahihi ya shefu, ya mlimaji na ya agronomu (bwana shamba) wa sekta, kwa kuwa chokaa na visiki havirudishi gharama katika msimu wa kwanza.

Pili, fedha. Zipo. Sheria ya migodi ya 2018 inaipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha, ushuru unaolipwa kwa madini yanayouzwa, komini au sekta yenye mgodi asilimia 15, na kampuni inatoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Wananchi wa sekta hizo waulize kwenye mikutano ni kiasi gani kiliingia na kilinunua nini. Miaka iliyopita jimbo liliwahi kuyataka makampuni ya madini yalime hektari 500 kila moja. Nia ilikuwa njema, lakini shamba lilikuwa la kampuni, trekta la kampuni, na mkulima wa kijiji alibaki na jembe lake lile lile. Afadhali kampuni ilipie chokaa, mbegu na ghala, kulima tuachiwe sisi wenyewe.

Tatu, na hili ndilo la haraka kuliko yote, mbolea hufika imechelewa. Mbolea inayofika Januari kwa mahindi ya Novemba ni hasara iliyopakiwa kwenye magunia. Wakuu wa jimbo watangaze sasa tarehe ya kuifikisha: tarehe 15 Oktoba, ikiwa ghalani kijijini, pamoja na orodha ya vyama vitakavyoipokea, ikibandikwa mlangoni watu wote waisome.

Msomaji wenu, mtaalamu wa kilimo,
Komini ya Kampemba, Lubumbashi