Barua kwa somo yangu hakimu

Nairobi

Somo yangu mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Barua yako imenifikia. Unasema kituo chako cha mbali kimekuchosha, moyo uko hapa Milimani, Kitengo cha Familia cha Mahakama Kuu, usikilize mirathi ukiwa jaji. Nami nautamani ujaji huo uupate, ndiyo maana nakusihi usiuache uhakimu ukarudi kwenye uwakili.

Njia unaijua. Katiba inadai uzoefu wa miaka 10, kisha Tume ya Huduma za Mahakama ikuhoji, Rais akuteue. Jaji Effie Owuor alipitia uhakimu kabla ya kuwa mwanamke wa kwanza kuketi Mahakama Kuu. Tena tangu sheria ya mahakimu ya 2015, wewe hakimu mkazi unasikiliza mirathi isiyozidi shilingi milioni 5. Hizo ndizo mali za watu wengi, somo! Hapa tunagombania maghorofa na hisa, mawakili wanne wanne, mjane mwenyewe humsikii sauti.

Wiki jana nilimsindikiza mama mmoja mahakamani kuthibitisha mgao wa ploti ya marehemu mumewe, iliyoko mtaa wa Kayole. Barua ya chifu ya kutambulisha warithi ilitaja wavulana watatu tu. Tangazo la mirathi hiyo lilishatoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, siku 30 za pingamizi zikapita kimya. Nani Kayole hulisoma? Hakimu akaishika ile barua, akamtazama mama, akamwuliza, "Watoto wako wote ni hawa?" Mama akainama. Akamwuliza tena, polepole, bila kumtisha, na karatasi akaiweka kando. Ndipo majina ya mabinti wawili walioolewa yakatoka.

Sheria ya Urithi haimtengi binti eti ameolewa au ataolewa. Kesi ya Rono ya 2005, ambamo Mahakama ya Rufaa ilisema hivyo, unaikumbuka. Lakini kuuliza namna ile hatukufundishwa kule Karen, Shule ya Sheria. Kunapatikana kwenye vituo kama hicho chako, ambako mjane anasimama mbele yako na kukueleza kwa kinywa chake.

Basi kaa. Hukumu zako za mirathi ziandike kwa ukamilifu, hata ugomvi ukiwa wa robo ekari, na uhifadhi nakala. Siku ukiomba ujaji, ndizo utakazoziweka mbele ya Tume. Ukikwama, nitumie swali, usiku wowote.

Wasalimie watoto.

Akupendaye,
Somo yako