Mita 60 za Singidani zipimwe masika, si kiangazi

Ndugu Mhariri,

Kila yanapozuka mabishano ya viwanja kando ya Ziwa Singidani na Ziwa Kindai hapa Singida, hutajwa mita 60. Ni kweli, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya umbali huo. Lakini kutoka ufukwe upi? Wa Aprili au wa Oktoba?

Maziwa haya hayana mto wa kutoa maji. Yanayoingia kwa mvua huondoka kwa jua, chumvi ikabaki. Palipo tambarare, maji yakishuka kidogo tu ukingo hurudi nyuma sana. Kiwanja kilichopimwa Oktoba kinaweza kugeuka ziwa mvua nzito zikija, kisha lawama zote zikatupiwa mvua.

Kipimo kianzie alama ya juu kabisa ya maji: mstari wa takataka na majani makavu yaliyosukumwa na mawimbi, au doa la chumvi kwenye majabali. Futi kamba ya mita 30 ivutwe mara mbili, ilale sawa hewani, isifuate mteremko, maana ukifuata mteremko unapunja ziwa. Bikoni (nguzo za mpaka) zisimikwe kiasi kwamba ukisimama kwenye moja unaiona inayofuata. Pasipoonekana patalimwa.

Mpaka uoteshwe minyaa. Vipande vikatwe, kidonda kikauke kivulini siku chache, vipandwe mvua zikianza. Utomvu usiguse macho, unaunguza. Visishushwe hadi kwenye udongo wa magadi, havitashika. Huko chini ziachwe nyasi za asili, ndizo zinazokamata tope. Bustani ikifika majini, udongo huteremka, kina hupungua, na maji yaleyale hutandaa eneo kubwa zaidi: jua huyamaliza upesi, na mwaka wa mvua nyingi huvamia nyumba.

Ndege wa aina ya heroe mdogo huja kuchuja mwani wa maji ya magadi. Mazalia yao makuu ni Ziwa Natron, lakini chakula hutafuta kwenye maziwa kama haya. Maji ya kuoshea magari na mbolea vikiingia humu havina pa kutokea.

Ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Kati iko hapahapa Singida. Bodi hiyo na Manispaa, pamoja na wenyeviti wa mitaa, washuke ufukweni Aprili wakiwa na rangi na kamba.

Mdau wa mazingira,
Singida