Ami, Babu Alisema Kweli

Pasadena, California

Mpendwa Ami,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuamkia kwa heshima, shikamoo, na kupitia kwako nawaamkia Bibi, Mama na wote wa nyumbani. Mimi sijambo, hofu ni juu yenu. Ujumbe wako kuhusu mashine ya boti umenifikia na nitaujibu, lakini niwie radhi nianze na jambo jingine ambalo nimelala nalo siku tatu.

Juma lililopita chama chetu cha wanafunzi wa fizikia kilikodi basi dogo, tukaenda watu kumi na wanane kusikiliza mhadhara wa bure juu ya uchunguzi wa sayari. Vyombo viwili vya anga vya Voyager, vilivyorushwa mwaka 1977, huongozwa kutoka hapa hapa, kwa hiyo ukumbi ulijaa wazee kwa watoto utadhani ni usiku wa Maulidi. Msemaji alikuwa mhandisi mstaafu, mpole, asiye na makuu.

Ungemsikia, Ami, ungemwelewa upesi kuliko sisi. Alieleza kwamba sayari nne kubwa za nje hukaa katika mpangilio unaofaa mara moja tu kwa kila miaka 175 au zaidi kidogo, na kwamba chombo kikiuwahi mpangilio huo huipita sayari moja kwa karibu, kikaazima mwendo kwake, kikatupwa kuelekea ya pili, hata kisihitaji kupakia mafuta ya safari nzima. Wenzangu waliandika mbio mbio. Mimi niliona jahazi linalongoja kaskazi. Kwa upepo huo Voyager 2 ilifika Mshtarii mwaka 1979, Zohali 1981, Uranusi 1986 na Neptuni 1989, na hizo mbili za mwisho hakuna chombo kingine kilichowahi kuzifikia. Voyager 1 nayo ilivuka mpaka wa upepo wa jua, yaani chembe zinazomwagika kutoka juani, mwaka 2012. Sasa iko mbali kiasi kwamba ishara yake, itokayo katika mtambo wa wati zipatazo 23, yaani mdogo kuliko balbu ya barazani kwetu, huchukua karibu siku nzima kutufikia, ingawa inakwenda kwa mwendo wa nuru.

Kisha ikaletwa habari ya santuri, na hapo roho ikanichafuka. Kila chombo kimebeba santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye muziki na salamu za lugha 55, kwa ajili ya yeyote atakayeiokota huko mbele. Kimo Kilatini. Kimo Kisumeri, ambacho wasemaji wake walikwisha kutoweka maelfu ya miaka iliyopita. Umo hata wimbo wa mabinti wa Kimbuti kutoka msitu wa Ituri, Kongo, mahali ambapo Kiswahili husemwa sokoni kila siku. Lakini Kiswahili chenyewe hakimo. Kijana wa Kampala aliyeketi kando yangu alinifinya paja, kwa kuwa Kiganda kimo, tena kinawaombea wasikilizaji amani ya Mungu siku zote, na njia nzima ya kurudi hakunipa raha.

Ulipofika wakati wa maswali nilisimama, Ami, mimi ambaye darasani kwa Ustadhi nilikuwa nikijificha nyuma ya nguzo. Niliuliza vipi lugha ya watu wengi namna hii ilisahauliwa, ilhali miaka saba kabla ya santuri hiyo neno la Kiswahili, jina la setilaiti Uhuru, lilikuwa tayari limekwisha kwenda juu, kutoka San Marco, jukwaa la Wataliano la kurushia roketi baharini kwetu Ngomeni, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Mzee yule alivua miwani akatabasamu. Aliuambia ukumbi kwamba setilaiti ile, Uhuru, ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa kuchunguza anga kwa miali ya eksirei, kwamba ilisaidia kupatikana kwa dalili za awali za mashimo meusi, yaani mahali penye mvutano mkubwa hata nuru haiwezi kutoka, na kwamba Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Watu walinipigia makofi, na nje, penye kahawa isiyo na tangawizi wala kashata, watatu walinifuata kuniuliza Malindi iko wapi.

Sasa nakukumbusha, kwa adabu zote, Idd ile uliposema mbele ya wageni kwamba Babu, pamoja na masimulizi yake ya kushiriki kurusha roketi, alikuwa akiwavusha tu Wataliano na magunia yao ya tambi, hakurusha roketi yoyote, na kwamba mimi nimerithi ndoto zake ninasomea hewa. Ni kweli alikuwa akivusha watu kwa boti. Lakini mafundi wa Uhuru walifikaje jukwaani, Ami, kama si kwa boti?

Kuhusu mashine, nitatuma nusu ya fedha mwisho wa mwezi huu na nusu nyingine baada ya mitihani. Kodi ya nyumba hapa haina huruma, ila hayo tuyaache. Nami nina ombi moja: katika kasha la Bibi, chini ya kanzu za Babu, kuna kitambulisho chake cha kazi cha San Marco. Kipige picha pande zote mbili unitumie, na chenyewe kisitolewe kupewa mtu yeyote mpaka nije.

Mimi mwanao,
Nassor